Kabla Hujaiuza Kama Chuma: Jinsi ya Kuijua Injini ya Kasi Iliyosahaulika

Pita nyuma ya gereji za Changamwe, Mikindani, Mtongwe au Kisauni hapa Mombasa na utaona injini zimelazwa ukutani, nyingine zimefunikwa gunia, nyingine ziko wazi kwa mvua na jua. Mnunuzi wa vyuma chakavu anaziona kilo. Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuziona injini: fundi kijana anayejifunza kazi, au mtu aliyerithi gari kuukuu na kila anayemuuliza anamwambia aliondoe uani. Nitazungumzia koo tatu ambazo nguvu zake ni kubwa kuliko heshima zinazopewa leo, yaani L ya Datsun, injini ya silinda nne ya Peugeot 404 na 504, na 4A-GE ya Toyota. Mbili za kwanza zilimalizia maisha zikibeba mboga na abiria, na kwa sababu hiyo watu wakaamini zilitengenezwa kwa kazi hiyo tu.

Anza na hesabu, kwa sababu hesabu haina upendeleo. Ndani ya L16, injini ya Datsun 1600, 160B na 160J, kila silinda ina upana wa milimita 83, na pistoni inapanda na kushuka milimita 73.7. Zidisha kwa silinda nne upate ujazo wa sisi (cc) 1,595. Sasa funua boneti ya Datsun 240Z, gari ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena 1973. Ndani yake mna L24. Upana wa silinda ni milimita 83. Mwendo wa pistoni ni milimita 73.7. Ni vipimo vile vile, isipokuwa silinda ni sita, na ujazo unafika 2,393. Mzee wa Likoni aliyeendesha teksi ya 160J miaka yote ile alikuwa na theluthi mbili za injini ya bingwa, na pengine hakuna aliyewahi kumwambia.

Herrmann na Schüller walikuwa wameshinda hata mwaka 1970, na safari hiyo walitumia Datsun 1600 SSS yenye L16 yenyewe, iliyofungwa kabureta mbili. Kisha Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuendesha kwa bendera ya Kenya, akashinda mara nne mfululizo kwa Datsun Violet, 1979 hadi 1982. Hizo si bahati. Barabara za Safari zilivunja magari ya kila bei, na injini isiyo imara haikufika mwisho.

Kwa nini basi zimesahaulika? Naona sababu kubwa ni kwamba tumezoea kupima injini kwa ukubwa na kwa kelele. Mwaka 1964 Wamarekani walileta Afrika Mashariki timu ya Mercury Comet zenye V8 chini ya boneti, zimeandaliwa kwa fedha nyingi. Nyingi hazikumaliza. Walioshinda Safari mwaka huo ni Peter Hughes na Billy Young kwa Ford Cortina GT, gari dogo lenye injini ya sisi 1,498. Hata huko Marekani kwenyewe kisa kama hicho kipo, na ni cha mapema zaidi. Mwaka 1949 Oldsmobile walitoa V8 yao ya Rocket, valvu zikiwa juu ya silinda, na kila mtu akasema injini za zamani zenye valvu ubavuni zimekwisha. Miaka miwili baadaye Hudson wakaleta Hornet yenye silinda sita, lita 5 hivi, valvu ziko ubavuni vile vile. Herb Thomas akatwaa ubingwa wa mbio za NASCAR mwaka 1951, Tim Flock 1952, Thomas tena 1953, na wote waliendesha Hornet. Hudson ilikuwa kampuni ndogo; mwaka 1954 iliungana na Nash, na leo ukitaja injini za kasi za Marekani watu wanakutajia V8 tu. Ile sita ilisahaulika kwa sababu haikuwa na umbo la mtindo, wala si kwa kushindwa barabarani.

Kuitambua

Ukifika gereji, salimu kwanza na ukae. Makanika wa makamo na wazee ndio maktaba ya jambo hili, na hakuna atakayemfungulia mtu anayekuja na simu mkononi akipiga picha kabla ya kusema shikamoo. Mwite fundi au mzee, mwulize injini ilitoka gari gani, nani aliifungua mara ya mwisho na kwa nini. Swali la tatu ndilo lenye thamani. Injini iliyofunguliwa kwa sababu ya ringi kuchoka ni tofauti kabisa na iliyofunguliwa kwa sababu iliwahi kuchemka.

L ya Datsun utaijua kwa hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na kamshafti moja inayokaa juu, ikizungushwa na cheni. Manifoldi ya kuingiza na ya kutolea moshi ziko upande mmoja; plagi na distribuita ziko upande wa pili. Fuata upande wa plagi, sugua grisi pale bloku inapokutana na hedi kuelekea nyuma, utakuta herufi na namba zimegongwa: L16, L18, na kadhalika. L18 ni ya 180B, upana 85 na mwendo 78. Hapa nikuonye jambo moja, maana nimesikia likichanganywa sana: 120Y si ya ukoo huu. Ile ina injini ya A, kamshafti iko ndani ya bloku na inasukuma valvu kwa fimbo. Ni injini nzuri na inaenda bila makuu, lakini ukinunua hedi ya L ukidhani itakaa juu yake utakuwa umenunua pambo.

Peugeot haihitaji hata kusomwa namba. Injini imelala ubavu kwa nyuzi 45, ili boneti iwe chini na uzito uwe chini pia. Hedi ni ya aluminiamu na chumba cha kuwakia ni cha mviringo kama nusu ya mpira, hewa ikiingia upande mmoja na moshi kutokea upande wa pili. Umbo hilo la nusu mpira ndilo Chrysler walilolifanyia sifa kubwa Marekani kuanzia 1951, na baadaye wakaliita Hemi, na hadi leo jina hilo linauza magari. Peugeot waliliweka ndani ya gari la familia, 404, iliyotoka mwaka 1960 na injini ya sisi 1,618, wala hawakupiga tarumbeta. Nalo likashinda Safari mara nne: 1963 na 1968 kwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, 1966 na 1967 kwa Bert Shankland na Chris Rothwell waliotokea Tanzania. Miaka yote miwili ya Nowicki, 1963 na 1968, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Ukitaka kujua injini ilijengwa kwa nini, iangalie katika mwaka wa matope.

Injini ya 504 ni mtoto wa ile ya 404. Ilianza na sisi 1,796 ikapanda hadi 1,971, upana ukiwa milimita 88. Ove Andersson alishinda nayo Safari 1975. (504 iliyoshinda 1978 ilikuwa coupé yenye V6, na huo ni ukoo mwingine.) Kilichonifanya niipende zaidi ni slivu zake. Silinda hazikuchongwa kwenye bloku; ni mirija ya chuma inayopachikwa na kuzungukwa na maji, na ikichakaa inachomolewa na kuwekwa nyingine pamoja na pistoni mpya. Hakuna haja ya kupeleka bloku kwa fundi wa mashine kuchongwa upya. Injini iliyobuniwa hivyo ndiyo iliyoweza kuendelea kuishi Kenya, ambako 504 iliunganishwa hadi 2004, muda mrefu baada ya Wafaransa wenyewe kuiacha.

4A-GE ndiyo inayohitaji macho makali. Ni injini ya Toyota ya mwaka 1983, sisi 1,587, valvu 16, hedi yake ikibuniwa kwa msaada wa Yamaha. Iliingia kwenye Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86 na baadaye kwenye Corolla nyingine za kasi zilizoshuka bandari ya Kilindini zikiwa mitumba kutoka Japani. Tatizo ni ndugu yake 4A-FE, ambaye yuko kwenye Corolla za kawaida kila mtaa, naye ana valvu 16 na kamshafti mbili. Usidanganyike na maandishi ya juu ya kifuniko. Fungua kava ya mkanda wa taimingi: 4A-FE mkanda unazungusha kamshafti moja, na hiyo inaizungusha ya pili kwa gia ndogo ndani ya hedi. 4A-GE mkanda unashika puli mbili, kila kamshafti na yake. Hedi yake pia ni pana zaidi, kwa sababu valvu zimeachana kwa pembe kubwa ili hewa ipite kwa urahisi, na plagi zimekaa katikati kwenye bonde kati ya vifuniko viwili. Namkubali 4A-FE kwa uchumi wake wa mafuta, ila bei ya mmoja haipaswi kulipwa kwa mwingine.

Kuipima kabla ya kuipenda

Injini inayowaka, iwashe ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine asubuhi, maana injini nyingi zinaficha ugonjwa zikishapata joto. Fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake. Ute mweupe mzito ni dalili kwamba maji na oili vimekutana, ingawa kwa unyevu wa pwani utandu mwembamba huweza kujitokeza kwenye gari linaloenda safari fupi fupi tu. Moshi wa buluu ukikanyaga ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata joto, wenye harufu tamu, ni maji yanayoingia silindani.

Kisha kompresheni. Pasha injini, toa plagi zote, zima umeme wa koili, mwambie mtu akanyage mafuta hadi chini huku ukipiga stata, na usome geji silinda moja baada ya nyingine. Watu wanauliza namba ngapi ni nzuri. Mimi nasema angalia tofauti kwanza: ya chini isipungue robo tatu ya ya juu. Silinda iliyoanguka, itie kijiko cha oili na upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi, na hiyo kwa kawaida ni kazi nafuu.

L ikigonga tik-tik juu, usikimbilie kusema imekufa. Valvu zake hurekebishwa kwa mkono, na wengi hawajazigusa kwa miaka. Injini ikiwa moto, nafasi ni milimita 0.25 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa moshi. Rekebisha, kisha sikiliza tena. Cheni nayo ina sauti yake, ya kukwaruza upande wa mbele, hasa unapoachia mafuta ghafla. Mlio mzito wa kugonga huko chini unaopanda na mzigo, huo ni wa beringi za kranki, na hapo ndipo bei ishuke au uondoke.

Gari likitembea, tuna viwanja viwili vya majaribio ambavyo Mungu ametupa. Cha kwanza ni foleni ya feri ya Likoni, mchana, wakati wa kaskazi kabla mvua hazijaanza. Injini yenye radieta iliyoziba au feni dhaifu haitavumilia pale. Sindano itapanda polepole na utaiona. Cha pili ni mlima wa kutoka Miritini kwenda Mazeras. Panda kwa gia ya tatu, mzigo ukiwepo, na usikilize kama inalia kwa mlio wa njugu zinazotikiswa ndani ya kopo. Mlio huo maana yake taimingi imewahishwa mno, au vyumba vya kuwakia vimejaa kaboni, na ukiuacha uendelee utatoboa pistoni. L16 yenye afya inapanda pale ikizungumza kwa sauti moja, na ukiongeza mafuta inaitika juu ya mzunguko wa 4,000 kwa namna ambayo itakufanya uelewe kwa nini Herrmann aliiamini.

Nimalize na hofu moja ambayo watu bado wanayo. Wazee wanasema injini hizi zilikufa petroli yenye risasi ilipoondolewa. Kenya iliachana nayo kufikia 2006, siku ambazo kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza 1963, kilikuwa bado kinafanya kazi kabla ya kusimama 2013. Ni kweli risasi ililinda viti vya valvu katika injini za kale zenye hedi ya chuma. Lakini koo zote tatu hizi zina hedi ya aluminiamu, na aluminiamu haiwezi kupokea valvu moja kwa moja, kwa hiyo viti vyake ni pete za metali ngumu kuliko aluminiamu zilizopachikwa. Pima nafasi za valvu mara kwa mara. Zisipopungua, viti vyako ni vizima.

Adui wa huku kwetu ni chumvi

Hili ningetaka lisomwe hata na asiyejali Safari Rally. Visima vingi vya Kisauni, Likoni na hata Changamwe vina maji ya chumvi, na maji ya mfereji yakikatika ndiyo tunayoyatumia kuoga, kuosha na, kwa bahati mbaya, kujazia radieta. Aluminiamu ya hedi na chuma cha bloku vikikutanishwa na maji yenye chumvi vinaunda betri. Umeme mdogo unapita, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Huliwa kuanzia kwenye matundu ya maji, kuelekea ukingo ambao gasketi inaukalia, hadi gasketi inakosa pa kushika. Hedi inaskimiwa mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu haina tena nyama ya kutosha. Nimeona hedi nyingi za L na za Peugeot zikitupwa zikiwa na kamshafti nzima kabisa, na kilichoziua ni mtungi wa lita ishirini.

Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na madini. Huna, kinga maji ya mvua kwenye ndoo safi wakati wa masika, mbali na bati lenye kutu, uyahifadhi. Umekwama barabarani na kuna maji ya kisima tu, tia ufike nyumbani, kisha uyamwage yote siku hiyo hiyo na usuuze mara mbili.

Kwa Peugeot kuna tahadhari ya ziada. Hedi ikishatoka, usizungushe kranki hata kidogo kabla hujazibana slivu kwa boliti na washa pana. Zikiinuka, raba za chini zinaachia, uchafu unaingia, na maji yataanza kushuka kwenye oili wiki chache baada ya kazi uliyodhani umeimaliza vizuri.

Kuinunua na kuitunza

Namba ya injini imo kwenye logbuku. Injini isiyo na karatasi yoyote wala muuzaji anayejulikana mtaani, iache, hata iwe nzuri namna gani. Na ukiifunga kwenye gari jingine, peleka mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, kabla hujaanza kulitembeza, la sivyo siku ya kuliuza au ya ajali utakuwa na gari ambalo karatasi zake zinasema jambo jingine.

Fahamu pia kwamba gari zima la aina hii haliji tena kirahisi. Sheria ya magari ya mitumba yasiyozidi miaka minane imefunga mlango, kwa hiyo L na 4A-GE zilizopo ndizo zilizopo. Nunua hata ile iliyovunjika, ukiweza, kwa ajili ya hedi, kamshafti na kabureta zake. Kabureta mbili za SSS ukizipata mahali, usizisafishe kwa msasa. Ziloweke, zipulize kwa hewa, badilisha gasketi.

Injini ambayo haitafungwa hivi karibuni usiiache juu ya udongo. Inyanyue juu ya mbao au tairi kuukuu. Mwaga maji yote, kisha tia oili safi vijiko viwili kwenye kila tundu la plagi na urudishe plagi. Ziba midomo ya manifoldi kwa kitambaa kilicholoweshwa oili, maana panya na mchwa wanapenda njia hizo. Funika kwa turubai lakini acha chini wazi, kwa sababu nailoni iliyofungwa kabisa inakusanya jasho la bahari ndani na kutu inaota haraka kuliko nje. Kila mwezi weka spana kwenye boliti ya puli ya mbele uizungushe kranki nusu mzunguko, kwa mwelekeo wa saa ukiwa umeikabili. Ikikataa, usiilazimishe kwa bomba refu. Ongeza oili silindani, iache siku mbili, ujaribu tena.